Anurismu ya Ateri Iliyochanika: Ipi Itakua, Ipi Itatulia

Mtu akiambiwa kwamba ateri mojawapo ya ubongo wake imechanika kwa ndani na kuvimba, usingizi huisha siku hiyohiyo. Ndugu huanza kuulizana: itapasuka lini, apelekwe India, aache kazi, asimbebe mtoto? Hofu hiyo ni ya haki na hakuna wa kuidharau. Hata hivyo, sehemu kubwa ya anurismu za aina hii, hasa zile zilizo shingoni, hazipasuki kamwe, na nyingi hazikui. Kazi iliyopo ni kuzitambua zile chache zitakazokua. Picha moja haiwezi kuifanya kazi hiyo. Jibu hupatikana pale picha ya pili inapowekwa kando ya ya kwanza, daktari akijua pia ateri imechanikia wapi na mgonjwa anasikia nini mwilini.

Makala hii ni kwa mgonjwa aliyekwisha kupewa ripoti kama hiyo, na kwa jamaa anayemshika mkono kwenda naye kliniki.

Kilichotokea ndani ya ateri

Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia hupokea kama asilimia 15 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu hiyo hupanda kwa ateri nne. Mbili ni karotidi, mbele ya shingo, zile unazozisikia zikidunda ukiweka vidole pembeni mwa koo. Mbili nyingine ni za vetebra, nyuma, ambazo hupenya matundu yaliyo pembeni mwa pingili za shingo, hujikunja kwenye pingili ya juu kabisa, kisha huingia ndani ya fuvu. Pale juu ndipo shingo hugeuka zaidi, na ndipo ateri ya vetebra iko hatarini zaidi kuchanika. Karotidi nayo huchanika mara nyingi sentimita chache juu ya inapogawanyika, ikielekea chini ya fuvu.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. Tabaka la ndani likichanika, au vimishipa vilivyomo ndani ya ukuta wenyewe vikivuja, damu hujipenyeza kati ya matabaka na kuyabandua. Ikisukuma kuelekea ndani, njia hubanwa, damu huganda, na kipande kilichoganda kinaweza kung'oka na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Hicho ni kiharusi. Ikisukuma kuelekea nje, ukuta hutuna, kama tairi linavyovimba ubavuni baada ya nyuzi zake za ndani kuachana. Huko kutuna ndiko madaktari wanakoita anurismu ya ateri iliyochanika. Si saratani, haisambai mwilini, na si jambo la kufanyiwa kipimo cha kukata nyama.

Ipo anurismu nyingine inayofahamika zaidi, ya kifuko, inayoota taratibu kwa miaka mahali ateri za ubongo zinapogawanyika. Tofauti ya hizi mbili ni kubwa kuliko jina lao linavyoonyesha. Ya kifuko ina historia ndefu na ya pole. Ya kuchanika ni jeraha: ina siku ilipoanza, ina wiki za hatari, na ina kipindi cha kupona. Anayesoma habari za moja akidhani ni za nyingine hupotea njia, na ndivyo inavyowatokea wengi wanaojitafutia majibu kwenye simu usiku.

Huko Olmsted, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mahali ambapo kumbukumbu za wagonjwa hutunzwa kwa miaka mingi, kuchanika kwa ateri za shingo kulihesabiwa kuwa watu 2.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Ni tatizo la nadra, ila huwapata watu wa umri wa kazi, wengi wao katika miaka ya 40. Kati ya viharusi vyote vya kuziba mishipa ni kama asilimia 2, lakini kwa walio chini ya miaka 50 huweza kufika robo. Ndiyo maana kijana wa miaka 35 akipata kiharusi bila presha wala kisukari, swali la shingo halipaswi kusahauliwa.

Inaanzia wapi

Mara nyingine sababu iko wazi: ajali ya gari au bodaboda, kuanguka, kukabwa shingo. Anayepigwa roba na vibaka, au mwanamke anayekabwa na mwenzi wake nyumbani, anaweza kuamka, akatembea, akaonekana mzima, kumbe ukuta wa karotidi umechanika. Dalili zikaja baada ya siku kadhaa. Kwa maoni yangu hili halisemwi vya kutosha kwenye vituo vya afya: aliyekabwa koo na baadaye akapata maumivu ya upande mmoja wa shingo au jicho kulegea, anahitaji kupigwa picha ya mishipa, hata kama ngozi haina alama.

Mara nyingine sababu ni ndogo mno. Kikohozi kikali, kupiga chafya, kunyanyua mzigo mzito, kulaza shingo nyuma kwa muda mrefu kwenye sinki la kuoshea nywele saluni. Mwaka 1993 jarida la madaktari la Marekani lilieleza wanawake watano waliopata dalili za ubongo baada ya kuoshwa nywele kwa mkao huo. Kunyoosha shingo mpaka ialike, kama wanavyofanya baadhi ya vinyozi na wachuaji, ni hatari ya kweli, na ni kubwa zaidi kwa mtu ambaye tayari ana maumivu mapya ya shingo, kwa kuwa maumivu yenyewe yanaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya kuchanika.

Wapo pia wenye ukuta dhaifu tangu kuzaliwa, kwa magonjwa ya kurithi ya tishu kama Marfan na Ehlers-Danlos ya mishipa. Presha, kipandauso, maambukizi ya karibuni na wiki za baada ya kujifungua vimeonekana pia kuandamana na tatizo hili. Na kwa wengi hakuna chanzo kinachopatikana.

Shingoni au ndani ya fuvu

Ukitaka kujua kama anurismu yako ina hatari ya kukua au kupasuka, uliza kwanza iko chini au juu ya mlango wa fuvu. Hakuna swali jingine linalobeba uzito kama hilo.

Ateri ileile ya vetebra, ikiwa bado shingoni, ina tabaka nene la nje na imezungukwa na misuli na mifupa. Ikishaingia ndani ya fuvu, tabaka lake la nje huwa jembamba, utando wa nje wa nyuzi zinazonyumbulika haupo tena, na pembeni yake kuna maji ya ubongo tu. Ikipasuka huko, damu humwagika juu ya ubongo.

Mwaka 1995 daktari wa upasuaji wa ubongo Mizutani na wenzake huko Japan, nchi ambako kuchanika kwa ateri ndani ya fuvu huonekana zaidi, waliripoti wagonjwa 42 ambao anurismu zao za ateri za nyuma zilikuwa zimekwisha kuvuja damu na hazikuwa zimetibiwa. Kati yao, 30 zilivuja tena, na zaidi ya nusu ya hizo ndani ya saa 24. Kwa hiyo iliyo ndani ya fuvu na imekwisha kuvuja haisubiri picha ya pili. Ni dharura ya siku hiyohiyo, na mgonjwa anapaswa kuhamishiwa mahali penye wapasuaji wa ubongo, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kwa walio Dar es Salaam, bila kungoja kesho.

Ya shingoni ni habari nyingine kabisa. Utafiti wa CADISS, uliofanyika Uingereza na Australia, ulifuatilia watu waliochanika ateri za shingo, na mwaka 2017 matokeo yanayohusu anurismu peke yake yakachapishwa. Kati ya wagonjwa 264, 24 walikuwa na anurismu tangu picha ya kwanza. Baada ya miezi mitatu, 12 kati ya hizo 24 bado zilikuwepo. Lakini katika muda huohuo anurismu mpya 24 zilikuwa zimejitokeza kwa watu ambao mwanzoni hawakuwa nazo.

Maana yake ni kwamba aliyeambiwa wiki ya kwanza kuwa ana anurismu anaweza asiwe nayo mwezi wa tatu, na aliyeambiwa hana anaweza kuwa nayo. Ukuta uliochanika haujatulia. Damu iliyonasa ndani yake inanyonywa na mwili, matabaka yanashikana upya au yanatanuka, na umbo linabadilika. Picha ya siku ya kwanza huonyesha jeraha bichi, na kulitabiri jeraha bichi ni kubahatisha.

Na je, waliokuwa na anurismu walipata viharusi zaidi? Katika mwaka mmoja, kiharusi kilimpata 1 kati ya 48 waliokuwa na anurismu, na 7 kati ya 216 wasiokuwa nayo. Kuwepo kwa anurismu shingoni hakukuongeza hatari. Namba hizi ni ndogo na hazitoi hakikisho kwa kila mtu, lakini zinalingana na yale ambayo tafiti nyingine zilikuwa zimeonyesha, na ndizo zinazowafanya madaktari wengi wachague kusubiri na kupima badala ya kukimbilia upasuaji.

Daktari anatazama nini

Baada ya mahali, kinachofuata ni muda. Mabadiliko mengi ya umbo hutokea miezi miwili mitatu ya kwanza. Anurismu iliyobaki vilevile katika picha mbili zilizopishana miezi ina nafasi kubwa ya kuendelea hivyo. Iliyoongezeka kati ya picha hizo imejionyesha yenyewe kuwa ni ya kufuatiliwa kwa karibu, na hakuna kipimo kingine kinachoishinda dalili hiyo.

Ukubwa nao una maana, kwa sababu ya kifizikia: kadiri ateri inavyotanuka, ndivyo ukuta wake unavyobeba mvutano mkubwa zaidi kwa presha ileile. Karotidi ya ndani ina upana wa kama milimita 4 hadi 5, ya vetebra hupungua kidogo hapo. Iliyotanuka mara mbili ya upana wake si sawa na iliyotuna kidogo tu. Umbo lisilo na mpangilio, lenye chunusi pembeni au lenye mahali palipobanwa na mahali palipotanuka kwa kufuatana, humtia daktari wasiwasi zaidi, hasa likiwa ndani ya fuvu. Vivyo hivyo kama tawi muhimu la ateri linaanzia katikati ya sehemu iliyotuna, au kama ateri zaidi ya moja zimechanika kwa wakati mmoja.

MRI ina uwezo wa kuonyesha damu iliyonasa ndani ya ukuta wenyewe. Mafuta ya shingo yakifutwa kwenye picha, damu hiyo hung'aa kwa umbo la hilali kandokando ya njia nyeusi ya ateri. Wiki zinavyopita, hilali hupungua. Ikionekana damu mpya ndani ya ukuta baada ya ile ya zamani kunyonywa, maana yake ukuta unaendelea kuvuja kwa ndani, na hiyo ni sababu mojawapo inayoeleweka ya anurismu kuendelea kukua.

Utakutana na majedwali ya alama mtandaoni. PHASES, ya mwaka 2014, hukadiria hatari ya kupasuka, na ELAPSS, ya mwaka 2017, hukadiria hatari ya kukua. Yote mawili yalitengenezwa kwa anurismu za kifuko. Kujijazia alama hizo ilhali una ateri iliyochanika ni kupima homa kwa mizani. Zaidi ya hayo, PHASES ilijengwa kwa takwimu za Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Japan, Afrika haimo.

Kompyuta nazo zimeingia kazini. Wahandisi huchukua picha za CT, hujenga umbo la ateri ya mgonjwa kwa pande zote, kisha hupiga hesabu ya namna damu inavyopita: wapi inasugua ukuta kwa nguvu, wapi inazungukazunguka na kudorora. Wengine hufundisha programu za akili mnemba kwa picha za wagonjwa wa zamani ili zibashiri anurismu ipi itakua. Ni kazi yenye matumaini, nami naitakia heri. Ila anurismu za kuchanika ni chache, wagonjwa waliopigwa picha mara kadhaa ni wachache zaidi, na programu iliyofundishwa kwa watu wachache wa hospitali moja inaweza kukosea ikipelekwa kwingine. Ukiambiwa na mtu kwamba ana kompyuta itakayokupa jibu leo kwa picha moja, mwulize imejaribiwa kwa wagonjwa wangapi wenye tatizo kama lako.

Bahasha ya picha

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo liko mikononi mwa mgonjwa kabisa, na ambalo huharibu utabiri mara nyingi kuliko ukosefu wa mashine.

Mtaalamu wa radiolojia akitaka kujua kama anurismu imekua, hufungua picha mbili kwenye kioo, ya zamani kushoto, mpya kulia. Huzisogeza mpaka zifike mahali pamoja, labda pale ateri inapopita kando ya pingili ya pili. Huweka nukta upande mmoja wa ukuta, huvuta mstari mpaka upande wa pili, na namba hutokea: milimita 7.1. Hurudi kwenye ya zamani: 6.6. Je, imekua? Huenda haijakua hata kidogo. Mstari ukikaa mshazari kidogo, picha ikiwa imekatwa kwa vipande vinene, au ya kwanza ikiwa CT na ya pili MRI, tofauti ya nusu milimita huja yenyewe. Kwa kawaida tofauti isiyofika milimita 1 haitoshi kusema kitu kimebadilika.

Sasa fikiria picha ya zamani haipo. Ipo karatasi tu, yenye maneno kwamba kuna anurismu ndogo.

"Mama, CD ya picha za mwanzo umekuja nayo?"

"Hapana, dokta. Nilipewa hii ripoti tu, ile CD nadhani ilibaki kule nilikopimwa."

Mazungumzo hayo, yakitokea, humrudisha mgonjwa mwanzo. Miezi mitatu ya kusubiri inakuwa imepita bila kipimo, na picha mpya inakuwa ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo, siku ya kupimwa, usiondoke bila CD au nakala ya picha zenyewe kwenye flashi. Filamu kubwa nyeusi ndani ya bahasha ya kaki inasaidia, lakini haiwezi kupimwa kwa usahihi wa milimita kama picha za kompyuta. Andika juu ya kasha tarehe, hospitali na aina ya kipimo. Weka nakala kwa ndugu mmoja unayemwamini. Na kila inapowezekana, rudi kwenye mashine ileile, kwa kipimo cha aina ileile.

Jua pia ulichopimwa. CT ya kichwa ya kawaida, isiyo na sindano ya dawa ya kuonyesha mishipa, inaweza kuwa safi kabisa ilhali ateri ya shingo imechanika. Kinachotakiwa ni CT ya mishipa ya shingo na kichwa, au MRI ya mishipa. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa Tanzania sasa zina CT, hivyo mara nyingi kikwazo huwa maneno yaliyoandikwa kwenye fomu ya kuomba kipimo kuliko umbali. Ultrasaundi ya shingo ni rahisi na haina mionzi, lakini haifiki vizuri chini ya fuvu, mahali ambapo karotidi huchanika sana. Ultrasaundi safi haimalizi mashaka. Kama una ugonjwa wa figo au uliwahi kudhurika na dawa ya kuonyesha mishipa, sema kabla ya sindano. MRI ya mishipa inaweza kufanyika bila dawa hiyo.

Ratiba hutofautiana. Kwa ya shingoni isiyo na dalili mpya, wengi hurudia picha kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha baada ya mwaka. Kwa ya ndani ya fuvu ambayo haijavuja, picha huanza kurudiwa mapema zaidi, ndani ya siku au wiki chache. Omba tarehe iandikwe kwenye daftari lako kabla ya kutoka chumbani, na uliza bima italipia kipimo hicho au la, ili fedha zisije zikawa sababu ya kuruka tarehe.

Dawa na maisha ya kila siku

Dawa unazopewa si za kuipunguza anurismu. Ni za kuzuia damu isigande kwenye ukuta uliochanika na kwenda kuziba ubongo. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna wanaoziacha wakiona uvimbe haupungui, wakidhani zimeshindwa. Katika CADISS, aina ya dawa haikubadilisha hatima ya anurismu, ziwe zilizokuwepo au zilizojitokeza baadaye. Kazi yake ilikuwa nyingine.

Uchaguzi huwa kati ya aspirini au klopidogreli kwa upande mmoja, na wafarini au dawa za jamii yake kwa upande mwingine. CADISS ilipochapishwa 2015, viharusi ndani ya miezi mitatu vilikuwa 3 kati ya watu 126 wa kundi la kwanza na 1 kati ya 124 wa kundi la pili, tofauti ndogo mno kutoa uamuzi. Utafiti mwingine, TREAT-CAD wa Uswisi, Ujerumani na Denmark, mwaka 2021 haukuweza kuthibitisha kwamba aspirini inatosha sawa na wafarini. Kwa hiyo daktari wako akichagua tofauti na wa jirani yako, wote wawili wanaweza kuwa na hoja. Muda wa kawaida ni angalau miezi mitatu hadi sita. Anayetumia wafarini anahitaji kupimwa damu mara kwa mara, ale mboga za majani kama kisamvu, mchicha au sukuma wiki kwa kiasi kisichobadilikabadilika, na asinunue diklofenaki wala dawa za kienyeji bila kuuliza. Na kama anurismu iko ndani ya fuvu, usianze aspirini kwa uamuzi wako mwenyewe.

Presha ndiyo unayoweza kuitawala zaidi. Kwa watu wengi lengo ni chini ya 130/80, ila daktari huliweka kulingana na hali ya mgonjwa, hasa siku za mwanzo baada ya kiharusi ambapo kuishusha kwa kasi kunaweza kudhuru. Sigara iachwe. Kwa miezi ya mwanzo epuka kunyanyua mizigo mizito, mieleka, mpira wa kupiga kwa kichwa, na mtu yeyote anayetaka kukunyoosha shingo, awe kinyozi, mchuaji au mtaalamu mwenye cheti. Saluni, omba kuosha nywele ukiwa umeinama mbele. Kutembea, kazi nyepesi na tendo la ndoa kwa kawaida havikatazwi baada ya hali kutulia, lakini uliza. Watu huona haya kuuliza, kisha huishi mwaka mzima kwa woga usio na sababu.

Dalili zisizongoja tarehe ya kliniki

Anurismu ya karotidi inayokua chini ya fuvu hubana mishipa ya fahamu iliyo jirani. Sauti ikianza kukwaruza bila mafua, chakula kikawa hakiteremki vizuri, ulimi ukienda upande mmoja, kope la jicho moja likilegea na mboni yake ikawa ndogo kuliko ya pili, au ukisikia mdundo wa moyo ndani ya sikio moja, rudi hospitali siku hiyo. Ni dalili zinazotokea pia wakati ateri inachanika mara ya kwanza; zikija upya au zikizidi baada ya kutulia, zinaashiria kuwa kitu kimebadilika.

Kwa ateri za nyuma, angalia kizunguzungu cha ghafla chenye kutapika, kuona vitu viwili viwili, kuyumba, ganzi ya uso upande mmoja na ya mwili upande wa pili. Mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu, maneno yakikatika, hicho ni kiharusi. Kumbuka saa kilipoanza, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena kwa wanaofaa tu. Na maumivu makali ya kichwa yanayofika kileleni ndani ya dakika moja, kuliko yote uliyowahi kupata, yachukuliwe kuwa damu imevuja mpaka picha ikatae. Usiridhike kuwa ni malaria tu, hata kama kipimo cha malaria kimesoma chanya.

Ikiwa imekua kweli

Kukua peke yake hakulazimishi upasuaji. Kwa iliyo shingoni, madaktari huingilia pale inapoendelea kuongezeka picha baada ya picha, inapobana mishipa ya fahamu, au viharusi vinapojirudia licha ya dawa. Mara nyingi hawapasui shingo. Hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye ateri ya nyonga au ya mkono mpaka mahali pa tatizo, na kuacha hapo stenti, kijibomba cha wavu kinachobana matabaka na kuielekeza damu kwenye njia yake. Zipo zenye wavu uliosukwa kwa kubana sana, zinazofanya damu iliyomo kwenye anurismu itulie na kuganda taratibu. Kwa ndani ya fuvu, wakati mwingine ateri iliyoharibika hufungwa kabisa, ikiwa ateri ya upande wa pili inatosha kulisha ubongo. Baada ya stenti, dawa mbili za kuzuia damu isigande hutumiwa kwa miezi, na kuziacha ghafla kunaweza kuifanya stenti izibe. Anayefanyiwa matibabu haya nje ya nchi ahakikishe kabla ya kurudi kwamba dawa hizo zinapatikana anakoishi, na kwamba anarudi na picha za mwisho mkononi.

Baada ya mwaka, kwa wengi, uangalizi hupungua. Kuchanika tena hutokea, lakini kwa kiwango kidogo, karibu asilimia 1 kwa mwaka baada ya mwezi wa kwanza, na huwa zaidi kwa wenye ndugu waliopata tatizo hilohilo au wenye ugonjwa wa tishu. Mwanamke anayepanga ujauzito aonane na daktari kabla ya kushika mimba, si mwezi wa saba, ili dawa zibadilishwe mapema, kwa kuwa wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na ili njia ya kujifungua ijadiliwe akiwa na picha ya karibuni.